Antibiotiki, dawa za kuzuia damu kuganda na dawa za kifua: mwongozo wa muuguzi mwenye trei mkononi

Wanafunzi wengi wa uuguzi hukariri famakolojia kama orodha: jina la dawa, kundi lake, matumizi, kisha madhara kumi na mawili yaliyopangwa bila kujali lipi linaua na lipi linakera tu. Mtihani wanafaulu. Shida huja wodini usiku, wagonjwa wanasubiri, kengele inalia kitanda cha mwisho, na orodha ile haikuambii uanze kuangalia nini. Ninachopendekeza ni kuisoma kila dawa kwa swali moja: ni kitu gani kitamdhuru mgonjwa huyu kwanza, na nitakiona wapi? Ukilijibu hilo, mengine utayatafuta kwenye kitabu kwa nafasi.

Makundi haya matatu nimeyaweka pamoja kwa sababu hukutana mwilini mwa mtu mmoja mara nyingi sana. Mzee mwenye ugonjwa sugu wa mapafu anapata nimonia, analazwa, anaanzishiwa antibiotiki na nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta), na kwa kuwa hatatembea siku kadhaa, anachomwa enoksaparini ili damu isigande miguuni. Dozi nitakazotaja ni za kawaida za mtu mzima isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo. Agizo lililoandikwa na mwongozo wa hospitali yako ndivyo vya kufuata.

Hatua ya 1: Kabla hujafungua kichupa

Anza na mzio, na usiulize kwa haraka. "Una mzio?" ni swali linalojibiwa "hapana" hata na aliyewahi kulazwa kwa sababu ya sindano. Uliza hivi:

"Mzee, umewahi kumeza dawa au kuchomwa sindano ikakuletea shida?"

"Penisilini, sista. Siiwezi kabisa."

"Ilikufanya nini?"

"Iliniharisha siku mbili."

Hapo umepata jambo la maana. Kuharisha ni dhara la dawa, si mzio, na mtu wa namna hii akiandikiwa "mzio wa penisilini" kwa wino mwekundu atanyimwa dawa nzuri maisha yake yote na kupewa mbadala mkali zaidi usio wa lazima. Lakini angesema alivimba midomo, akatoka vipele vya kuwasha mwili mzima au akakosa pumzi ndani ya saa moja, hiyo ni habari nyingine kabisa. Andika kilichotokea, baada ya muda gani, na mwaka gani kama anakumbuka. Usiandike neno "mzio" likabaki peke yake. Kwa wenye mzio wa kweli wa penisilini, uwezekano wa kupata mzio wa sefalosporini ni mdogo kuliko vitabu vya zamani vilivyosema, ila uamuzi huo ni wa daktari, nawe uwe na adrenalini karibu.

Kisha pata uzito wa kupimwa kwa mizani, si wa kukisia. Enoksaparini, gentamaisini na karibu kila dawa ya mtoto hutegemea kilo. Angalia kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, maana gentamaisini, vankomaisini, enoksaparini na dabigatrani zote hutoka kwa njia ya figo, na figo zikilegea dawa hurundikana. Mwisho uliza dawa anazomeza nyumbani, pamoja na za mitishamba na za maumivu alizojinunulia mwenyewe. Asipotaja za maumivu, mtajie wewe kwa majina: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki. Watu wengi hawazihesabu kuwa dawa.

Hatua ya 2: Antibiotiki

Sampuli ya kuotesha vimelea hutangulia, dawa hufuata. Ukichukua damu baada ya dozi ya kwanza, maabara inaweza isioteshe chochote, na daktari atabaki akibahatisha. Ila kuna mpaka: mgonjwa mwenye maambukizi makali ya damu, presha imeshuka, hasubirishwi. Dawa iingie ndani ya saa moja tangu dalili zitambulike, sampuli iwe imepatikana au la.

Saa za dozi si mapambo ya chati. Penisilini na sefalosporini hufanya kazi kwa muda ambao kiwango chake katika damu kiko juu ya kile kinachomzuia bakteria kuzaliana, kwa hiyo dozi ikichelewa saa tatu, bakteria wamepewa saa tatu za kupumua. Dawa ya kila saa 8 ipangwe saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Sio "asubuhi, mchana, jioni", ambako usiku mzima hubaki mtupu. Gentamaisini ni kinyume: huua kwa kilele chake kikubwa, ndiyo maana mara nyingi hutolewa dozi moja kubwa kwa siku, kisha mwili unaachwa uisafishe. Mabaki yake yakikaa juu muda mrefu ndiyo yanayochoma figo na masikio.

Zipo dawa chache ambazo kila moja ina kosa lake linalojulikana, nami ningezijua hizo kabla ya nyingine zote.

Benzathini penisilini ni ya msuli tu. Ni nyeupe kama maziwa, nzito, na ikiingia kwenye mshipa inaweza kusimamisha moyo. Tikisa kichupa, tumia sindano yenye tundu la kutosha, vuta nyuma kwanza uone kama damu inaingia, kisha sukuma polepole bila kusimama maana huziba njiani.

Seftriaksoni haichanganywi na chochote chenye kalsiamu. Usiiyeyushe kwa dripu ya Ringer, ambayo ina kalsiamu, wala usiipitishe kwenye mpira uleule kwa wakati mmoja. Kwa mtu mzima, ukilazimika kuzifuatanisha, safisha mpira kwa maji ya chumvi katikati. Kwa mtoto mchanga wa hadi siku 28 anayepata au atakayehitaji kalsiamu kwenye mshipa, seftriaksoni haitolewi kabisa, kwa sababu mashapo yake yamewahi kukutwa kwenye mapafu na figo za watoto waliofariki. Na ile iliyoyeyushwa kwa lignokaini (dawa ya ganzi) kwa ajili ya msuli isiguse mshipa kamwe. Weka lebo kwenye bomba palepale unapoivuta.

Vankomaisini inataka subira. Kasi isizidi miligramu 10 kwa dakika, kwa hiyo gramu 1 iliyo kwenye mililita 250 iende si chini ya dakika 100. Ukiiharakisha, mgonjwa huwa mwekundu usoni na shingoni, anawashwa, presha inaweza kushuka. Wengi huandika "mzio" hapo. Mara nyingi ni kasi tu. Simamisha, mwite daktari, na ikitulia huanzishwa tena kwa mwendo wa polepole zaidi.

Gentamaisini: pima mkojo unaotoka kila siku, fuatilia kreatinini, na muulize mgonjwa kama masikio yanavuma au anahisi kizunguzungu akisimama. Uharibifu wa sikio mara nyingi haurudi nyuma. Sampuli ya kiwango cha damu huchukuliwa kabla ya dozi inayofuata, na saa halisi iandikwe, maana maabara haiwezi kutafsiri namba isiyo na saa. Usiichanganye na penisilini kwenye bomba moja, zinaharibiana.

Za kumeza ni nyepesi kidogo. Doksisiklini: glasi nzima ya maji, akae wima nusu saa, la sivyo kidonge kikikwama kinachoma koo la chakula. Ajikinge na jua. Doksisiklini na siprofloksasini hazimezwi pamoja na maziwa, vidonge vya madini ya chuma wala dawa za kiungulia, kwa sababu madini huzikamata tumboni zisifyonzwe. Siprofloksasini imezwe saa 2 kabla au saa 6 baada ya vitu hivyo. Mgonjwa wa siprofloksasini akilalamikia maumivu nyuma ya kifundo cha mguu, dawa isimame na aripotiwe, kano zinaweza kukatika. Metronidazoli: ladha ya chuma mdomoni na mkojo mweusi kidogo, mwambie mapema asishtuke. Pombe aiache. Kotrimoksazoli: kipele chochote chenye malengelenge au vidonda vya mdomo na macho ni dharura.

Kuhusu kuharisha: kinyesi cha maji mara tatu au zaidi kwa siku, wakati wa antibiotiki au hata wiki kadhaa baada ya kumaliza, kifanye ufikirie bakteria wa Clostridioides difficile. Usikimbilie dawa ya kufunga kuhara. Na mikono ioshwe kwa sabuni na maji, kwa sababu kitakasa mikono cha pombe hakiui mbegu za bakteria huyu.

Hesabu ya mtoto, mara moja, kwa mfano. Mtoto wa kilo 14 ameandikiwa seftriaksoni miligramu 50 kwa kilo. Hiyo ni miligramu 700. Kichupa ni gramu 1, ukikiyeyusha jumla ikawa mililita 10, kila mililita ina miligramu 100, kwa hiyo unavuta mililita 7. Angalia neno "jumla". Unga wenyewe hukaa nafasi. Ukiongeza mililita 10 kamili juu ya unga, utapata zaidi ya 10, na mililita 7 zako zitakuwa na dawa pungufu. Lebo ya kichupa hueleza uongeze kiasi gani. Kwa mtu mzima tofauti hii hupotea. Kwa mtoto wa kilo 3, haipotei.

Hatua ya 3: Mgonjwa anapobadilika mbele yako

Dozi ya kwanza ya antibiotiki kwenye mshipa, usiondoke mara moja. Kaa dakika chache za mwanzo, rekebisha shuka, zungumza naye. Mzio mkali huanza kwa maneno madogo: "viganja vinaniwasha", "koo limebana", "sijisikii vizuri". Ikifuata kukoroma kwa pumzi, uso kuvimba au presha kuporomoka, fanya hivi:

1. Funga dawa. Kanula (mpira mdogo ulio ndani ya mshipa) iache mahali pake, utaihitaji.
2. Paza sauti uitiwe msaada.
3. Choma adrenalini miligramu 0.5, yaani mililita 0.5 ya ile ya miligramu 1 kwa mililita, kwenye msuli wa paja, upande wa nje, katikati. Mtoto ni miligramu 0.01 kwa kilo, bila kuzidi ya mtu mzima.
4. Mlaze, miguu juu. Kama shida kubwa ni pumzi, mwache aketi, lakini asisimamishwe wala kutembezwa.
5. Oksijeni, na maji ya chumvi kwenye mshipa.
6. Dakika 5 zikipita bila nafuu, rudia adrenalini.

Haidrokotisoni na dawa za mzio huja baadaye. Ninalisisitiza hili kwa sababu mkono wa wengi huenda kwenye haidrokotisoni kwanza, labda kwa kuwa adrenalini inaogopesha. Haidrokotisoni huchukua saa kadhaa kuanza kazi, na mgonjwa huyu hana saa hizo.

Hatua ya 4: Heparini na enoksaparini

Dawa hizi haziyeyushi bonge la damu lililokwisha kuganda. Zinalizuia lisikue na kuzuia jipya, huku mwili wenyewe ukilimeng'enya taratibu. Mweleze mgonjwa hivyo, maana mguu hautapungua uvimbe kesho asubuhi na atadhani dawa haifanyi kazi.

Kosa kubwa la heparini ni la namba. Vichupa vyake hufanana na vina nguvu tofauti kabisa: 1,000 kwa mililita, 5,000 kwa mililita, na kadhalika. Soma lebo unapochukua kabatini, unapovuta, na unapotaka kutupa kichupa. Wauguzi wawili wahesabu kila mmoja peke yake, kisha walinganishe, mmoja kumwambia mwenzake "ni hii, sivyo?" si ukaguzi. Neno "yuniti" liandikwe kwa ukamilifu. Herufi U iliyoandikwa haraka husomeka kama sifuri, na yuniti 5 zikawa 50.

Tuchukue agizo la kawaida: mgonjwa wa kilo 70, yuniti 80 kwa kilo za kuanzia, kisha yuniti 18 kwa kilo kwa saa. Za kuanzia ni 5,600. Za kila saa ni 1,260. Dripu imeandaliwa yuniti 25,000 ndani ya mililita 500, kwa hiyo mililita moja ina yuniti 50. Gawanya 1,260 kwa 50: mililita 25.2 kwa saa. Kwa mashine ya kupampu, sawa. Kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, hiyo ni takriban matone 8 kwa dakika, na mgonjwa akikunja tu mkono mwendo unabadilika. Bila pampu, zungumza na daktari kuhusu enoksaparini kabla hujakubali kuhesabu matone usiku kucha.

APTT, kipimo cha damu cha kufuatilia heparini, hupimwa takriban saa 6 baada ya kuanza na baada ya kila badiliko la kasi. Lengo la kawaida ni mara 1.5 hadi 2.5 ya kiwango cha kawaida. Damu itolewe mkono usio na dripu ya heparini, la sivyo majibu yatakuwa ya kutisha bure. Chembe sahani, zile za damu zinazosaidia kuganda, zihesabiwe kabla ya kuanza, kisha zifuatiliwe. Zikishuka kwa nusu au zaidi kati ya siku ya 5 na ya 10, fikiria aina ya mzio ambayo heparini, badala ya kuzuia, inasababisha damu kugandana. Hapo heparini zote zinasimama, hata ile ndogo ya kusafishia kanula. Dawa ya kuitangua heparini ni protamini: miligramu 1 hutangua takriban yuniti 100, na hutolewa polepole.

Enoksaparini ni rahisi zaidi, ndiyo maana watu huizoea vibaya. Ya kinga ni miligramu 40 mara moja kwa siku; ya matibabu ni miligramu 1 kwa kilo kila saa 12, na figo zikiwa dhaifu sana ya matibabu huwa mara moja kwa siku. Namna ya kuchoma:

Mgonjwa alale au aegemee. Chagua upande wa tumbo, kushoto au kulia, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni, mbali na kovu na mchubuko wa jana. Kama bomba limejazwa kiwandani na unatoa dozi yote, usitoe kile kipovu cha hewa. Kipo ili kisukume tone la mwisho. Finya ngozi kwa vidole viwili, ingiza sindano yote wima, usivute nyuma, sukuma taratibu, toa, ndipo uachie ngozi. Usisugue. Kusugua ndiko kunakoacha tumbo zima likiwa na madoa ya zambarau ambayo ndugu wa mgonjwa wakiyaona watauliza nani amempiga.

Kwa yeyote aliye kwenye dawa hizi, epuka sindano za msuli. Bonyeza sehemu ya kanula iliyotolewa kwa dakika kadhaa, si kwa pamba na plasta ya haraka.

Damu inayotoka nje huonekana. Inayotoka ndani inajificha: mapigo yanapanda kidogo kila zamu, presha inashuka kidogo, mgonjwa anaumwa mgongo au anakuwa kimya kuliko jana. Kinyesi cheusi chenye kunata, mkojo wa rangi ya chai, kichwa kuuma ghafla pamoja na kuchanganyikiwa, vyote hivi unapiga simu kwanza, unaandika baadaye.

Hatua ya 5: Warfarini na wadogo zake

Warfarini haizuii vigandishi vilivyokwisha tengenezwa. Inazuia ini lisitengeneze vipya vinavyohitaji vitamini K. Ndiyo maana huchukua siku kadhaa, na ndiyo maana heparini au enoksaparini huendelea sambamba nayo angalau siku 5 na mpaka INR (kipimo cha damu cha kufuatilia warfarini) ifike 2 na kukaa hapo kwa saa 24. Mara nyingine muuguzi mpya huuliza kwa nini mgonjwa anapewa mbili kwa pamoja, akidhani ni kosa la chati. Swali zuri, jibu lake ndilo hilo. Kosa lingekuwa kuiondoa heparini siku ya pili kwa sababu INR imesogea. Kigandishi cha kwanza kushuka ni kile cha muda mfupi, namba inaonekana nzuri, lakini kinga bado haijakamilika.

Lengo la kawaida ni INR 2 hadi 3. Vali bandia za chuma za moyo, upande wa mitrali, huhitaji zaidi, 2.5 hadi 3.5. Dozi hutolewa jioni ili majibu ya mchana yaweze kuibadilisha dozi ya siku hiyohiyo. Angalia INR ya karibuni kabla ya kutoa. Kama haipo, au ni ya wiki iliyopita, uliza. Dawa ya kuitangua ni vitamini K, na kama anatoka damu nyingi, vigandishi vyenyewe kupitia mshipa, kwa kuwa vitamini K huchukua saa nyingi.

Mboga za majani asizikimbie. Ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, dozi itapangwa kufuata mlo wake. Mwanamke anayeweza kushika mimba azungumzwe naye kuhusu uzazi wa mpango, maana warfarini hudhuru kijusi.

Dawa mpya, yaani rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani, hazihitaji INR, na hilo limewafanya watu wadhani hazihitaji chochote. Rivaroksabani ya miligramu 15 na 20 imezwe na chakula, bila hivyo haifyonzwi ya kutosha. Kapsuli ya dabigatrani isifunguliwe wala kutafunwa, dawa nyingi mno huingia kwa mkupuo. Mwenye vali ya chuma hapewi dawa hizi. Na dozi iliyorukwa ina uzito: nguvu yake huisha ndani ya siku moja au mbili, tofauti na warfarini inayokaa siku kadhaa.

Hatua ya 6: Dawa za kifua

Gawa dawa kwa kazi mbili: zinazofungua njia ya hewa sasa hivi, na zinazotuliza uvimbe wa ndani siku kwa siku. Salbutamoli ni ya kwanza. Budesonaidi na beklometasoni ni za pili, na mgonjwa asiyehisi tofauti yoyote akizivuta ataziacha. Kwa miaka mingi watu wa pumu waliishi kwa salbutamoli peke yake. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa GINA hauipendekezi tena kutumika hivyo kwa watu wazima na vijana, kwa sababu inafungua bomba huku moto ukiendelea kuwaka nyuma.

Katika shambulio: salbutamoli mipulizo 4 hadi 10 kwa spesa (chupa ya plastiki inayounganishwa na inhela), kila dakika 20 kwa saa ya kwanza, au nebulaiza ya miligramu 2.5 hadi 5. Spesa inafaa sawasawa na nebulaiza isipokuwa kwa aliyezidiwa kabisa. Ipratropiumu huongezwa shambulio likiwa kali. Nebulaiza yake isivuje kwenye macho, hasa kwa mwenye glakoma (presha ya jicho), kwa hiyo tumia kipande cha mdomoni au kaza maski. Prednisoloni itolewe mapema, maana nayo huchukua saa kadhaa. Kabla na baada ya kila dozi sikiliza kifua, hesabu pumzi na mapigo, soma oksijeni kidoleni. Mlio wa filimbi ukitoweka ghafla na mgonjwa amechoka, usifurahi. Kifua kimenyamaza kwa sababu hewa haipiti.

Oksijeni nayo ni dawa yenye dozi. Kwa wengi lengo ni asilimia 94 hadi 98. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa kuziba kwa mapafu ni 88 hadi 92. Ukimpa nyingi kupita hapo, hewa chafu ya kaboni hupanda damuni, anasinzia, na wewe unadhani hatimaye amepata usingizi.

Aminofilini haitumiki sana siku hizi, ila ikiandikwa, iheshimu. Pengo kati ya kutibu na kudhuru ni jembamba. Dozi ya kuanzia iende kwa dakika 20 au zaidi, mgonjwa awe kwenye kifaa cha kuonyesha mapigo ya moyo ikiwezekana, na uulize kwanza kama amekuwa akimeza theofilini, dawa ya jamii moja nayo, nyumbani. Jibu likiwa ndiyo, dozi ya kuanzia huachwa. Kichefuchefu ndiyo onyo la upole. Moyo kwenda ovyo na degedege huja bila kubisha.

Sasa inhela. Mwambie mgonjwa akuonyeshe, usimuulize kama anajua. Karibu wote husema wanajua. Ya kubonyeza, yenye gesi: itikise, avue kifuniko, atoe pumzi yote, afunge midomo vizuri, aanze kuvuta polepole ndipo abonyeze mara moja, aendelee kuvuta, abane pumzi hesabu ya 10. Mpulizo wa pili hutikiswa upya. Ya unga ni kinyume kabisa: haitikiswi, avute kwa nguvu na haraka, na asipulize ndani yake maana unyevu hugandisha unga. Mtu aliyepewa zote mbili bila kuonyeshwa tofauti atazitumia kwa namna moja, na moja kati ya hizo haitamfikia mapafuni.

Kwa mtoto mdogo, spesa yenye maski iliyokaa vizuri usoni, mpulizo mmoja, avute pumzi za kawaida 5 au 6, kisha mpulizo mwingine. Spesa ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, iachwe ikauke yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa unaipa chaji ya umeme na dawa hunata kwenye kuta zake. Anayevuta kotikosteroidi asukutue na kuyatema maji, la sivyo fangasi huota mdomoni. Zikiwa zote mbili saa moja, salbutamoli itangulie, dakika chache zipite, kotikosteroidi ifuate.

Montelukasti ni kidonge kinachopewa watoto wengi. Mwambie mzazi aangalie ndoto za kutisha, hasira isiyo ya kawaida au huzuni. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali zaidi kwa sababu hiyo.

Hatua ya 7: Zinapokutana

Turudi kwa mzee wa nimonia. Tuseme moyo wake hupiga bila mpangilio, kwa hiyo yuko kwenye warfarini tangu zamani, na anameza theofilini. Daktari wa zamu anaandika siprofloksasini. Kidonge kimoja hicho kinagusa vyote viwili: kinazuia ini kuivunja theofilini, kiwango kinapanda, na INR yake nayo inaweza kupanda. Siku ya tatu mzee anatapika, mapigo 130, fizi zinatoka damu anapopiga mswaki. Kila dalili ikisomwa peke yake ina maelezo mengine. Anayekaa naye zamu nzima ndiye anayeweza kuziunganisha, na huyo ni wewe.

Metronidazoli, kotrimoksazoli na flukonazoli (dawa ya fangasi) ndizo ninazozihofia zaidi kando ya warfarini. INR ipimwe ndani ya siku 3 hadi 5 za kuanza. Erithromaisini na klarithromaisini hupandisha theofilini pia. Rifampisini huenda upande wa pili: inaichosha warfarini, dozi inaongezwa, na hatari halisi huja matibabu ya kifua kikuu yanapoisha, rifampisini inaondoka, dozi kubwa ya warfarini inabaki, na wiki chache baadaye mtu anatoka damu. Rifampisini huzipunguza nguvu dawa mpya pia, pamoja na vidonge vya uzazi wa mpango.

Salbutamoli, prednisoloni na aminofilini zote hushusha potasiamu. Ongeza furosemidi, dawa ya kuongeza mkojo, hapo na misuli inalegea, moyo unayumba. Omba kipimo siku ya pili, usisubiri. Prednisoloni hupandisha sukari hata kwa asiye na kisukari. Na ukiona propranololi, dawa ya moyo inayoweza kubana njia ya hewa, kwenye orodha ya mwenye pumu, usiitoe kabla hujaongea na aliyeiandika.

Hatua ya 8: Siku ya kuruhusiwa

Mfuko wa dawa usikabidhiwe kwa ndugu koridoni. Kaa na mgonjwa, mwombe akueleze kwa maneno yake kila dawa ni ya nini na ataimeza saa ngapi. Antibiotiki: tarehe ya mwisho iandikwe kwenye pakiti, na asimpe jirani mabaki. Warfarini: aondoke na tarehe ya INR inayofuata, kadi ya kuonyesha kwa daktari wa meno na mfamasia yeyote, na majina ya dawa za maumivu asizoruhusiwa, parasetamoli kwa kiasi inafaa zaidi. Mswaki laini, na akianguka akagonga kichwa aje hospitali hata kama hajisikii vibaya.

Inhela yenye gesi ina idadi maalumu ya mipulizo, mara nyingi 200, na ikifika mwisho bado inatoa mvuke usio na dawa. Kuielesha kwenye maji ili kujua kilichobaki hakusaidii. Kama haina kaunta, mhesabie: mipulizo 200, akitumia 8 kwa siku, ni siku 25. Andika kwa kalamu isiyofutika kwenye ganda lake tarehe ya kununua nyingine, siku tatu kabla ya hiyo.